Gitaa la Kulazwa Mapajani

Gitaa la umeme limekuwa chombo cha kawaida katika nyumba nyingi za mjini Kigali. Utaliona limening'inia ukutani huko Nyamirambo, au limesimamishwa nyuma ya mlango huko Kimironko, au limelala juu ya kabati la nguo likikusanya vumbi kwa sababu mwenyewe amehamishwa kikazi, ameoa, au amechoka tu. Mengi ya magitaa hayo si ya thamani kubwa. Yalinunuliwa kwa hamu ya ujana, yakapigwa miaka miwili mitatu, kisha yakanyamaza. Katika makala haya nataka kueleza jinsi gitaa la namna hiyo liwezavyo kugeuzwa, pasipo kulikata wala kulitoboa, likapigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzikandamiza kwa vidole. Naleta habari hii kwa sababu ilitufaa sisi katika ukoo wetu, na kwa sababu naamini zimo nyumba nyingi za askari, wa jeshi na wa polisi, ambamo umo mkono usioweza tena kukandamiza uzi.

Mkono ninaousema mimi ni wa kaka yangu mkubwa. Alitumikia uaskari kwa miaka 14, na katika miaka hiyo yote gitaa lake lilimfuata kila alikopangiwa kazi. Alikuwa akipiga katika arusi za wenzake, naye hakupata kuomba malipo zaidi ya chakula na nauli. Siku moja gari walilokuwa wakisafiria lilipinduka, mkono wake wa kushoto ukavunjika mahali pengi. Mifupa iliunga vizuri, twashukuru, ila vidole viwili vya mwisho havikunjiki kabisa, na cha kati hukunjika nusu tu. Mtu asiyepiga gitaa angeiona kuwa hasara ndogo, maana kaka aweza kubeba dumu la maji, aweza kuendesha baiskeli, na aweza kumshika mtoto mkono wakivuka barabara. Lakini mpiga gitaa hutumia vidole vya kushoto, tena kwa ncha zake, kukandamiza nyuzi juu ya shingo. Kidole kisichokunjika hakifiki huko. Basi akalitia gitaa mfukoni mwake, akafunga zipu, wala hakuifungua kwa muda wa miaka mitatu.

Wifi yangu, ambaye ndiye mwenye kushika hesabu za nyumba ile, alipendekeza liuzwe wakati shule zilipokuwa karibu kufunguliwa. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu madaftari na sare haviwangoji watu wamalize huzuni zao. Kaka hakukubali wala hakukataa. Alinyamaza, na sisi tuliomzoea twajua kwamba kunyamaza kwake si kukubali. Wifi akaniita kando akaniambia, "Wewe ndiye mwalimu wa nyimbo. Mwambie akubali liuzwe, au mwambie alipige. Lisikae tu pale likimtazama."

Ualimu wenyewe niliuacha zamani. Nilipata cheti cha ualimu, nikafundisha watoto wa shule ya msingi kwa miaka michache, kisha nikaingia katika utumishi wa serikali ambako kazi yangu ni majalada na barua. Hata hivyo, katika chuo chetu hakuna aliyeondoka bila kuimba do, re, mi mpaka akaziota usiku. Huo ndio muziki wangu wote, nao ulitosha, kama mtakavyoona.

Watu wengi hudhani kwamba gitaa la kutelezesha chuma ni gitaa la kawaida lililopotoshwa na watu wa dansi. Mambo hayakuwa hivyo. Inasimuliwa ya kuwa kiasi cha mwaka 1889, katika visiwa vya Hawai, kijana mmoja aitwaye Joseph Kekuku alianza kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi za gitaa, akaliendeleza zoezi hilo hata likawa fani kamili. Mwaka 1904 aliondoka visiwani akaenda kupiga Marekani, na baadaye Ulaya. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliueneza muziki wa Hawai katika Marekani nzima, na gitaa la kulazwa mapajani likapendwa mno, ila sauti yake ilikuwa ndogo katika kumbi kubwa. Ndipo George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko Los Angeles, walipotengeneza gitaa la alumini lenye sumaku karibu na nyuzi ili kuugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Lilianza kuuzwa mwaka 1932. Kwa kuwa lilikuwa na tumbo dogo la duara na shingo ndefu, watu walilibandika jina la kikaango. Hilo ndilo lililotangulia magitaa yote ya umeme yaliyofanikiwa madukani, nalo halikukusudiwa kuning'inizwa begani. Gitaa la umeme, ndugu zangu, lilizaliwa likiwa limelala.

Na sauti yake si ngeni masikioni mwetu. Redio za Afrika Mashariki zimepiga nyimbo za kantri za Marekani kwa miaka mingi, na ile sauti inayolia kwa kuvutika nyuma ya mwimbaji ndiyo hiyo. Jirani zetu wa Kongo pia hawakuiacha ipite hivi hivi. Nico Kasanda, tuliyezoea kumwita Docteur Nico, mpiga gitaa mashuhuri wa African Jazz na kisha wa African Fiesta, alilitia gitaa la Hawai katika baadhi ya santuri zake za miaka ya 1960. Huko Nigeria, katika santuri ya King Sunny Adé ya mwaka 1982 iitwayo Juju Music, Demola Adepoju alipiga gitaa la ukoo huo huo, lenye kanyagio. Lakini aliyeniingia moyoni zaidi ni Mmarekani CeDell Davis wa Arkansas, aliyefariki mwaka 2017. Huyu alipatwa na polio utotoni, mikono yake ikalemaa. Hakuliacha gitaa, alishika kisu cha mezani, kile cha kupakia siagi, akakitelezesha juu ya nyuzi, na kwa kisu hicho akawa mwanamuziki.

Nilimpelekea kaka habari hizo jioni moja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, nikae nimelilaza gitaa mapajani kama mama anayemwogesha mtoto?"

Baba yetu mdogo alikuwapo, naye ni mtu wa maneno machache. Alimwuliza kaka kama amepata kumwona mpiga inanga akiwa amesimama. Kwa wasomaji wasio wa Rwanda nieleze kwamba inanga ni chombo chetu cha heshima, mti mmoja uliochongwa mfano wa sinia refu, ukapitishwa nyuzi toka upande hadi upande. Mpigaji huketi, akakilaza mapajani au akakiegemeza mwilini, na katika enzi za wafalme kilipigwa mbele yao. Kisha mzee akataja iningidi, yule mdogo mwenye uzi mmoja na upinde. Iningidi hana ubao wa kukandamizia uzi. Kidole chaugusa uzi hewani na sauti yapanda na kushuka kama ya mtu aimbaye, bila ngazi. Hapo mimi nilitambua jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Vyuma vilivyopangwa shingoni mwa gitaa ndivyo vinavyoifanya sauti irukeruke kutoka kidato hadi kidato. Ukiweka chuma kinachoteleza juu ya nyuzi, gitaa laanza kuimba kwa namna ya iningidi. Kaka hakusema neno, ila alikwenda chumbani akarudi na mfuko.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Gitaa la umeme la kawaida lina nyuzi zilizo karibu sana na shingo, kiasi cha milimita 2 au pungufu katikati ya shingo, ili kidole kisichoke. Kwa chuma cha kutelezesha, ukaribu huo ni adui. Chuma kitagonga vyuma vya shingo na kutoa kelele kama ya vijiko ndani ya ndoo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuziinua nyuzi. Mwanzoni mwa shingo, chini kidogo ya vigingi, kuna kijidaraja cha plastiki au mfupa chenye mifereji sita. Sisi tunakiita daraja la juu. Nchi za nje huuzwa kipande maalumu cha chuma cha kuvikwa juu ya daraja hilo. Hapa kwetu ni rahisi kukitengeneza.

Nilikwenda Gakinjiro, kule Gisozi, ambako mafundi wa mbao na wa chuma wamekusanyika wengi kiasi kwamba mtu aweza kuingia na wazo na kutoka na kitanda. Fundi wa madirisha ya alumini alinipa bure kipande cha pembe, yaani kile chenye umbo la herufi L, kilichobaki katika kazi yake. Alipoelezwa ni cha nini alicheka, akaita wenzake. Mmoja wao, mzee wa makamo, aliligeuzageuza gitaa akasema, "Mwalimu, alumini ni laini. Nyuzi zitaila kama msumeno. Kwa kujaribu, sawa. Kwa kudumu, tafuta shaba ya njano." Alisema kweli. Tulianza na alumini ili kupata vipimo, na baada ya kuridhika akatuchongea kingine cha shaba kwa vipimo vile vile.

Vipimo ni hivi. Kipande kiwe na urefu wa milimita 45 hivi, ama zaidi kidogo ya upana wa shingo ya gitaa lako. Kimo chake kiwe cha kuziinua nyuzi milimita 8 hadi 10 juu ya chuma cha kwanza cha shingo. Ukilegeza nyuzi, kipande huingia chini yake na kukaa juu ya daraja la zamani. Nyuzi zikikazwa tena ndizo zinazokishikilia, wala hahitajiki gundi wala msumari. Mifereji sita ikatwe kwa tupa nyembamba, isiwe na kina kirefu. Na hapa pana siri ndogo ambayo wengi huikosa. Kinachotakiwa kuwa sawa si sakafu ya mifereji bali migongo ya nyuzi. Uzi mnene ukiketi katika mfereji wenye kina sawa na cha uzi mwembamba, mgongo wake utajitokeza juu, chuma kitauegemea huo na kuuacha ule mwembamba bila kuguswa. Basi mfereji wa uzi mnene uwe na kina zaidi. Laza rula juu ya nyuzi zote sita. Ikigusa zote bila kupepesuka, kazi ni njema.

Kisha uende upande wa pili, kwenye daraja la chini, karibu na mkono wa kulia. Magitaa mengi ya umeme yana vijisanduku sita, kila kimoja chini ya uzi wake, vyenye skrubu ndogo zinazozungushwa kwa kifunguo chenye pembe sita. Kiwandani hupangwa kwa upinde, kwa sababu shingo yenyewe ina mgongo wa mviringo kidogo na vidole vyapenda hivyo. Chuma chetu ni kinyoofu, hakijui kupinda. Inua vijisanduku vya pembeni mpaka nyuzi zote ziwe katika usawa mmoja, na hapa tena rula ndiyo hakimu. Kama gitaa lina mkono wa kutikisia sauti, wenye springi mgongoni, ung'oe mkono huo na kabari kipande cha mti kati ya chuma cha daraja na ubao wa gitaa hata lisitikisike. Ukiliacha bila kabari, kila ukaza uzi mmoja mitano mingine italegea, nawe utakesha ukikimbizana nazo.

Sumaku zilizo chini ya nyuzi, ambazo vijana huziita pikapu, nazo zapaswa kufuata. Nyuzi zikipanda na pikapu zikibaki chini, sauti hufifia. Zina skrubu mbili kila moja. Ziinue mpaka zikaribie nyuzi kwa milimita 3 hivi. Kuhusu umeme wenyewe sina la kuongeza ila onyo la kawaida: usifungue kipaza sauti chako hata kikiwa kimechomolewa, maana ndani yake umeme huweza kubaki ukingoja mkono wa mtu, mpelekee fundi wa redio.

Nyuzi tulinunua mpya. Seti nyepesi, ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.009 au 0.010, hulegea mno chini ya chuma na sauti yake huyumba. Tulichagua seti ya 0.012. Watu wengine huenda kwenye nene zaidi, nami sishauri hivyo kwa gitaa la bei ndogo, kwa sababu shingo huvutwa kwa nguvu kubwa kuliko ilivyokusudiwa. Kwa bahati, namna tuliyochagua ya kulinganisha nyuzi huzilegeza kadhaa, na hivyo uzito wa nyuzi mpya hupunguziwa makali.

Namna hiyo ya kulinganisha ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote, kwa sababu ndipo do, re, mi za chuoni zilipopata kazi. Gitaa la kawaida likipigwa wazi, pasipo kidole, halitoi wimbo wowote wa maana. Sisi tunataka likipigwa wazi litoe sauti kamili yenye mapatano. Anza na uzi mnene wa sita: ushushe kidato kizima, kutoka mi hadi re ya piano. Wa tano na wa nne uviache kama vilivyo. Wa tatu ushushe nusu kidato. Wa pili na wa kwanza uvishushe kidato kizima kila kimoja. Sasa sahau majina ya piano, uite uzi wa sita do. Utasikia, kutoka mnene hadi mwembamba: do, sol, do, mi, sol, do. Mtoto yeyote aliyeimba kwaya atalitambua hilo papo hapo. Mpwa wangu wa miaka tisa, yaani binti wa kaka, ndiye aliyetuambia kwamba uzi wa tatu ulikuwa juu kidogo, na alikuwa na haki.

Kwa kuwa nyuzi wazi ni mapatano ya do, chuma kikiwekwa mahali popote kitayahamisha mapatano hayo yote kwa pamoja. Kwenye chuma cha 5 cha shingo utapata mapatano ya fa, kwenye cha 7 mapatano ya sol, na kwenye cha 12 utarudi kwenye do ya juu. Kwa mahali hapo pachache mtu aweza kusindikiza nyimbo nyingi mno za kanisani, za shuleni na za arusini. Sababu yake ni ya hesabu tu. Katika gitaa letu urefu wa uzi toka daraja hadi daraja ni milimita 648. Chuma cha 12 kiko katikati kabisa, milimita 324. Cha 7 kiko kwenye theluthi ya uzi, karibu milimita 216. Cha 5 kwenye robo yake, karibu milimita 162. Niliwachorea watoto mambo haya ukutani kwa chaki, na wifi akanifuata nyuma na kitambaa cha maji.

Jambo moja humkanganya kila aliyezoea kupiga kwa vidole. Kidole hukandamiza nyuma ya chuma cha shingo, katika nafasi iliyo wazi. Chuma cha kutelezesha hukaa juu kabisa ya chuma cha shingo, sambamba nacho, bila kukigusa. Ukikiweka pale kidole kilipozoea, sauti huwa chini ya inavyotakiwa na jirani hufunga dirisha. Vyuma vya shingo kwa hiyo havitumiki tena. Vimekuwa alama za njia tu. Sikio ndilo linaloamua, na jicho husaidia.

Chuma chenyewe twaweza kukipata kwa njia nyingi. Vijana wengine hutumia soketi ya spana, au shingo ya chupa iliyosuguliwa kingo zake, wakaivaa kidoleni. Hizo zafaa kwa gitaa linaloning'inizwa. Kwa gitaa la kulazwa, nondo nyororo ya mviringo ndiyo bora. Tulikata kipande chenye unene wa milimita 19 na urefu wa milimita 83, mzee wa Gakinjiro akakizungusha na kukisugua kwa msasa mwembamba hadi kikang'aa, akaviringa ncha moja. Uzito wake ni karibu gramu 185. Uzito huo ni wa lazima: chuma hakikandamizwi, hulala juu ya nyuzi kwa uzito wake chenyewe, na mkono kazi yake ni kukiongoza tu.

Hapa ndipo nataka mwenye mkono kama wa kaka asome kwa makini. Chuma hushikwa kwa dole gumba upande mmoja na kidole cha kati upande wa pili, na kidole cha shahada hukaa mgongoni mwake. Kile cha kati cha kaka hukunjika nusu, na nusu hiyo yatosha. Lakini vile viwili vya mwisho, visivyokunjika, vifanye nini? Mwalimu yeyote wa gitaa la Hawai atakuambia kwamba vidole hivyo havitakiwi kukunjwa. Vyapaswa kulala vimenyooka juu ya nyuzi nyuma ya chuma, vikikifuata kiendako, ili kuzima mlio usiotakiwa wa ule upande wa nyuma. Wanafunzi wenye mikono mizima huchukua muda mrefu kujifunza kuvinyoosha vidole hivyo. Vya kaka vilikuwa vimenyooka tayari. Alipoweka chuma mara ya kwanza akakivuta polepole kutoka cha 5 hadi cha 7, sauti ilitoka safi, haina mkwaruzo, na aliangalia mkono wake kwa kitambo kirefu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Wifi aliyekuwa akichambua mchele aliacha kuchambua.

Niseme pia kwamba kabla ya kuanza tulimwuliza mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimtazama. Aliruhusu, kwa sharti asipige kwa zaidi ya dakika 20 mfululizo mwanzoni, na apumzike akisikia ganzi. Mwenye jeraha afanye vivyo hivyo. Mkono wa kulia hupiga kwa dole gumba na vidole viwili. Kucha za plastiki tulizikata kutoka katika kadi ya benki iliyokwisha muda wake, tukazipasha kwa maji ya moto zikakubali kupinda.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba gitaa hili laweza kila kitu. Mapatano ya huzuni hayapatikani kwa urahisi, kwa kuwa chuma kinyoofu hubeba mapatano ya furaha popote kiendapo. Kuna hila: ukiweka chuma kwenye cha 5 na kupiga uzi wa tatu na wa pili peke yake, utasikia la na do, nayo masikio yatapata huzuni yanayoitaka. Lakini ukigusa wa nne kwa bahati mbaya, hila imefichuka. Tena ile midundo ya haraka ya rumba, ambayo kaka aliipenda zamani, haichezeki kwa chuma. Alilisikitikia hilo, nami sikujaribu kumfariji kwa maneno, maana ni kweli kwamba kitu fulani kimekwenda na hakitarudi. Alichopata ni kingine. Nyimbo za polepole ambazo ujanani alikuwa akiziruka kwa kuziona za wazee, sasa ndizo zinazomkalisha hadi saa nne usiku.

Gharama yote haikutushinda. Alumini bure, kazi ya shaba faranga 4,000, nondo na kuisugua 3,000, nyuzi 12,000, jumla 19,000. Daraja la zamani halikuguswa, mkono wa kutikisia na springi zake vimo ndani ya bahasha, na juu yake nimeandika siku na kila skrubu ilikotoka, kama tufanyavyo ofisini. Endapo mmoja wa watoto atataka gitaa la vidole, kazi ya kulirudisha ni ya nusu saa.

Kuhusu kuuzwa, hakuna aliyelisema tena. Madaftari yalinunuliwa kwa fedha nyingine, baada ya kuahirisha ununuzi wa viti vya plastiki. Wifi ana lalamiko jipya, kwamba wimbo mmoja hurudiwa mara arobaini, na kwamba watoto hawalali. Kaka naye ameanza kubishana nami kuhusu ulinganisho. Amesikia kwa mwenzake mstaafu kwamba wengine hulinganisha kwa namna nyingine, sol, do, sol, do, mi, sol, ambayo humpa uzi wa chini unaonguruma vizuri zaidi katika nyimbo za ndoa. Nimemwambia kwamba kwa namna hiyo uzi wa nne, wa tatu na wa pili hubaki kama katika gitaa la kawaida, na ni wa sita, wa tano na wa kwanza tu zinazoshushwa kidato kizima, hivyo hakuna hatari kwa shingo. Jumamosi ijayo tutajaribu. Ikimpendeza itabidi kipande cha shaba kikatwe mifereji mipya, kwa kuwa ataka pia nyuzi ziachane kidogo zaidi. Chuma chenyewe hukaa katika droo ya vijiko. Wifi amekataa kisiwekwe juu ya televisheni.